Kompyuta, projekta na simu darasani: maswali wanayouliza mara kwa mara walimu wa Unguja na Pemba

Maswali yamepangwa kwa mada, kuanzia ya kila siku hadi yale ya nadra. Kila jibu linajitegemea, na pale jambo lilipokwishaelezwa kwengine tumeweka namba ya swali. Majibu yote yanafuata kanuni moja: kifaa kinaingia darasani kwa kazi inayojulikana, kikimaliza kinazimwa, na kipindi lazima kiweze kuendelea bila yake.

## Mambo ya msingi

1. Kutumia teknolojia kwa kiasi ni dakika ngapi kwa kipindi?

Katika kipindi cha dakika 40, dakika 8 hadi 12 za kutazama zinatosha kwa mada nyingi. Dakika 5 za mwanzo ni za ubao na maswali, ili ujue wanafunzi wanaanzia wapi. Zinazobaki ni za kuandika, kubishana na kufanya zoezi. Ukipitisha dakika 15 mfululizo darasa linageuka sinema: wa mbele wanatazama, wa nyuma wanapiga soga, na mwisho wa kipindi hujui nani kafahamu nini.

Lakini kabla ya kuhesabu dakika, jiulize kifaa kitaonesha nini ambacho ubao hauwezi. Moyo unavyodunda, mwezi unavyoandama na kupungua, matamshi ya Kiingereza, picha ya chembe hai chini ya hadubini: hayo yanastahili umeme. Kurasa za maandishi ya kunakili hazistahili. Kurusha nukuu ukutani ili watoto wanakili ndiyo matumizi mabaya kuliko yote ya projekta, na kwa bahati mbaya ndiyo yaliyozoeleka. Ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilisisitiza jambo hilohilo: kifaa kitumike pale kinaposaidia kujifunza, na kisichukue nafasi ya mwalimu.

2. Na watoto wa maandalizi?

Kwao skrini iwe kidogo sana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Saa hiyo inajumlisha televisheni ya nyumbani na simu ya mama, kwa hiyo skuli haina haki ya kuimaliza yote.

Sauti ni jambo jengine. Vituo vya Tucheze Tujifunze, vile tunavyoviita TuTu, vimejengwa juu ya masomo ya redio: mtoto anasikiliza, anaimba, anaruka, anahesabu vijiti. Macho hayachoki na mwili haukai kitako. Kama una spika ndogo na flashi, umeshapata kifaa kizuri kuliko kishikwambi kwa umri huo.

3. Nina projekta moja na wanafunzi 80. Nianzie wapi?

Anza darasa likiwa tupu. Funga kila kitu, kisha nenda ukakae dawati la mwisho, pembeni kabisa, uone kama unasoma (vipimo viko swali la 6). Waya upite ukutani na ubandikwe kwa tepu. Mtoto mmoja akijikwaa, projekta inakwenda chini.

Kipindi chenyewe kiende hivi. Washa mapema, kwani taa huchukua dakika moja au mbili kufikia mwanga wake. Andika swali moja ubaoni kabla hawajaona kitu, kwa mfano: «Damu inayokwenda mapafuni inatoka upande gani wa moyo?» Onesha dakika tatu, simamisha. Wawili wawili waambiane walichokiona. Rudia kipande kilekile, si kipande kipya. Kisha bonyeza kitufe kilichoandikwa Blank au Mute, picha iondoke ukutani, na wageukie madaftari. Kama rimoti imepotea (na mara nyingi imepotea), funika lenzi kwa karatasi ngumu kwa muda mfupi tu. Ikikaa sana inapata moto.

4. Tuna vishikwambi 10. Niwagawie vipi?

Usigawe 80 kwa 10. Makundi ya watu wanane yana watazamaji sita na wagomvi wawili. Gawa darasa nusu: 40 wanafanya zoezi la daftari, 40 wako wanne wanne kwenye vifaa. Baada ya dakika 12 wanabadilishana.

Katika kila wanne, mmoja anashika kifaa, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anaandika, mmoja anaangalia saa. Kila baada ya dakika tatu kazi zinazunguka, na wewe ndiye unayepiga kofi la kubadilisha. Ukiwaachia wenyewe, mwenye kelele zaidi atakishika kishikwambi hadi kengele, na mara nyingi wasichana ndio wanaoishia kuchungulia begani.

5. Nimegaiwa kishikwambi kilichotumika kwenye Sensa ya 2022. Kinafaa kazi gani?

Kwa kazi zako: kuandalia somo, kuhifadhi vitabu vya PDF, kuweka alama, kurekodi sauti yako ukisoma hadithi ili darasa lisikilize kesho. Kamera yake nayo ina faida kubwa. Piga picha ya daftari lenye njia nzuri ya kutatua hesabu (jina lisionekane), kisha ioneshe kwa projekta. Kukiinua juu ili watoto 80 waone skrini ya kiganja ni kuwachosha bure.

## Macho, masikio na mwili

6. Maandishi ukutani yawe makubwa kiasi gani, na mwanga je?

Pima masafa kutoka ukutani hadi dawati la mwisho, ugawe kwa sita. Jibu ndilo urefu wa chini wa picha, kutoka juu hadi chini. Chumba cha mita 9 kinataka picha ya mita 1.5. Kwa picha hiyo, maandishi ya saizi 28 kwenye slaidi yanasomeka kutoka nyuma. Saizi 18 hayasomeki, hata yakiwa meusi vipi. Mistari sita kwa slaidi inatosha.

Tatizo letu hasa ni mwanga. Madarasa mengi yana matofali ya matundu badala ya madirisha, na jua la saa 4 linaingia moja kwa moja. Usijaribu kuziba chumba kizima, maana watoto 80 bila upepo watasinzia kwa joto ndani ya dakika kumi. Ziba matundu mawili au matatu yaliyo karibu na ukuta wa picha tu, kwa khanga mbili zilizowekwa pamoja au turubai. Chagua ukuta usiopigwa na jua asubuhi kama darasa lako ni la asubuhi. Projekta ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha nguvu ya mwanga) itamudu hali hiyo, lakini ile ndogo ya bei rahisi yenye lumeni mia chache inafaa usiku barazani tu.

Na watoto wasisimame mbele ya mwanga wakitazama lenzi. Wakija ubaoni, waambie wageuke ukutani.

7. Wanafunzi wanalalamika macho kuuma kwenye chumba cha kompyuta. Tufanyeje?

Mtu akikazia macho kitu cha karibu anapepesa kidogo kuliko kawaida, jicho linakauka, linawasha. Dawa ni kupumzisha: kila dakika 20, sekunde 20 za kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi. Mnazi nje ya dirisha unafaa. Weka mwanafunzi mmoja mwenye saa awe ndiye anayesema «machoo!» na wote wainue vichwa.

Kaa na skrini urefu wa mkono. Ikiwa dirisha linang'aa kwenye kioo, geuza meza ili dirisha liwe ubavuni. Punguza mwanga wa skrini hadi ulingane na wa chumba. Na mapumziko ya saa 4 yawe ya uwanjani kweli. Chumba cha kompyuta kifungwe wakati huo. Utafiti wa macho unaonesha kuwa watoto wanaokaa nje mchana wanapata kidogo ugonjwa wa kutoona mbali.

Mtoto ambaye bado anakunja uso baada ya hayo yote apelekwe kupimwa. Huenda tatizo ni miwani, na skrini imelifichua tu.

8. Spika iwe na sauti kiasi gani?

Iweke katikati ya darasa au nyuma, isikae mezani kwako. Ikiwa mbele utalazimika kuipandisha hadi iwaumize wa safu ya kwanza. Kwa hedifoni, kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Shuleni hakuna wa kupima, kwa hiyo tumia kipimo hiki: mwanafunzi aliyevaa hedifoni akiitwa kwa sauti ya kawaida akiwa hatua moja, lazima asikie. Zile za kuingiza sikioni wasiazimane.

Masika ikipiga bati, ahirisha somo la kusikiliza. Hakuna spika ya kushindana na mvua ile.

9. Na shingo yangu mimi, na sauti yangu?

Kompyuta mpakato ikiwa mezani inakulazimisha kuinama. Iweke juu ya boksi la chaki hadi ukingo wa juu wa skrini ukaribie usawa wa macho, uchomeke kibodi ya pembeni. Kusahihisha kwenye simu ukiwa umelala ndiyo njia ya haraka ya kupata maumivu ya shingo na kukosa usingizi kwa pamoja.

Sauti ndiyo inayosahaulika. Kwa darasa la watu 80, kipaza sauti kidogo cha kufunga kiunoni, chenye maiki ya kichwani, huenda kikawa na faida zaidi kwa afya ya mwalimu kuliko projekta. Ukikinunua kwa pesa za skuli, kisiwe cha mtu mmoja.

## Umeme, joto na chumvi

10. Umeme ukikatika katikati ya kipindi?

Chomoa projekta na kompyuta ukutani kwanza, ndipo ugeukie ubao. Umeme ukirudi huja na kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachoua vifaa. Subiri dakika 10 kabla ya kuchomeka tena; kwa projekta muda huo pia unaipa taa nafasi ya kupoa, kwani kuiwasha ikiwa ya moto kunafupisha maisha yake.

Somo lisisimame. Kila unapoandaa slaidi, chora mchoro mmoja muhimu kwenye karatasi ya manila uuviringishe kabatini. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na maktaba ya michoro isiyotaka umeme. Mtu asikwambie ni kazi ya bure: Unguja ilikaa bila umeme wa gridi tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya njia ya chini ya bahari kutoka Bara kuharibika.

UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ya VA 650 inakupa dakika chache tu, za kuzima kwa utaratibu. Si za kumalizia filamu.

11. Vifaa vinakula Tukuza (umeme wa kulipia kabla) kiasi gani? Mwalimu mkuu analalamika.

Projekta hula wati 250 hadi 300, kompyuta mpakato kama wati 60, spika ndogo wati 20. Jumla haifiki wati 400, yaani chini ya uniti 0.4 kwa saa. Ukifuata dakika 12 za swali la 1, vipindi vitano kwa siku ni saa moja: uniti 0.4. Ukiacha vinawaka tangu saa 2 hadi saa 6, ni uniti 1.6 kila siku. Kuchaji vishikwambi 10 kutoka sifuri hakufikii nusu uniti.

Usiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni. Waya ukiwa wa moto mkononi, umeshapakiwa kupita kiasi.

12. Kwa nini vifaa vyetu vinakufa haraka kuliko vya mjini Dodoma?

Kwa sababu ya chumvi. Hewa ya pwani inabeba chembe za chumvi, zinatua ndani ya matundu ya chaja na kwenye bodi, zinavuta unyevu, na shaba inaanza kuota ukijani. Wakati wa kusi na masika hali inazidi. Skuli zilizo ufukweni, kama za Nungwi, Makunduchi au Kojani, zinaliona mapema.

Weka vifaa kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vile vinavyokuja na viatu vipya. Usiweke mchele: haufyonzi unyevu wa kutosha na vumbi lake linaingia matunduni. Tundu la chaja lisafishwe mara moja kwa mwezi kwa brashi laini kavu, kifaa kikiwa kimezimwa. Kichujio cha hewa cha projekta kitolewe na kupulizwa vumbi kila mwezi, na darasa la chaki likitaka, kila wiki mbili. Chaki ikiziba kichujio, taa inapata moto, projekta inajizima, na watu wanasema imeungua.

Kompyuta isiyotumika kabisa likizo nzima nayo inaharibika. Iwashwe saa moja kila wiki, joto lake likaushe unyevu. Betri za vishikwambi ziachwe na chaji kama asilimia 50, zisiachwe sifuri wala 100.

13. Kishikwambi kimevimba mgongoni. Naweza kukitumia?

Hapana. Betri imetoa gesi ndani na inaweza kushika moto. Zima, usichaji tena, usibonyeze wala kutoboa. Kiweke juu ya sakafu ya saruji au ndani ya ndoo ya mchanga mkavu, mbali na karatasi na watoto, hadi kifike kwa fundi. Usikitupe jaani wala kukichoma na takataka. Sababu ya kawaida ni kuchajiwa kwenye joto, hasa kwenye dashibodi ya gari au chini ya bati bila upepo.

## Mtandao na vya kusomeshea

14. Skuli yetu haina intaneti. Tunaachwa nyuma?

Sivyo mnavyofikiri. Programu ya Kolibri ni ya bure na imetengenezwa kwa hali hii hasa. Unapakua masomo mara moja mahali penye mtandao, mfano kwenye Kituo cha Walimu, kisha kompyuta moja ya skuli inayagawa kwa vifaa vyengine bila intaneti. Hata Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, yenye kadi ya GB 128 inamudu, na kwa kawaida haifiki wati 15 hata kazi ikizidi. Vifaa vikizidi 10 ongeza ruta ndogo, vyenginevyo video zitakatika.

Programu ya Kiwix nayo inakupa Wikipedia nje ya mtandao. Ya Kiswahili inaingia kwenye flashi ya kawaida. Ya Kiingereza nzima yenye picha inapita GB 100, kwa hiyo chukua ile ya skuli iliyochambuliwa. Kwa Fizikia na Kemia, majaribio ya kwenye skrini ya PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder yanapakuliwa bure na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Kukosa mtandao kuna faida yake: mwanafunzi hawezi kutoroka kwenda TikTok.

15. Video inamaliza bando langu. Nani alipe?

Skuli ilipe, na kamati iliandike kwenye bajeti. Mwalimu kusomeshea bando la mfuko wake ni mazoea yanayofaa kukoma. Hadi hapo, punguza: video ya dakika 10 kwa ubora wa 360p inachukua takribani MB 50, na ya 1080p inaweza kupita MB 200. Kwa picha ya ukutani ya darasa 360p inakubalika, isipokuwa kuna maandishi madogo, hapo panda 480p au 720p. Pakua mara moja, weka kwenye flashi ya idara, mwenzako wa mkondo wa B asinunue tena. Na itazame yote kabla ya darasa, hadi sekunde ya mwisho. Tangazo lisilofaa hutokea mwishoni.

16. Naweza kutumia akili mnemba (AI) kutunga mitihani na maandalio?

Kwa rasimu, ndiyo. Inakusaidia kupata maswali 20 kwa dakika, ukachagua sita yenye maana. Lakini inajibu kwa uhakika hata pale inapobuni. Ijaribu kwa jambo unalolijua: iulize magofu ya Ras Mkumbuu yako kisiwa gani na yana nini, ulinganishe na unayoyafahamu Pemba yako. Ndipo uamue utaiamini kiasi gani kwa usiyoyajua.

Kwa Dini ya Kiislamu kuwa mkali zaidi. Programu hizi zinaweza kutunga hadithi zisizokuwepo na kuchanganya namba za aya. Kila aya ifunguliwe kwenye Msahafu, kila hadithi irejeshwe kitabuni au kwa mwenye elimu.

Usiingize majina ya wanafunzi, alama zao wala matatizo ya nyumbani kwao. Kiswahili chake pia kipitie kwa jicho: mara nyingi sentensi zinanyooka kisarufi huku hakuna mtu wa Wete wala Bara anayesema vile.

## Simu, WhatsApp na wazazi

17. Wazazi wananitumia ujumbe saa 5 za usiku. Nifanyeje bila kuwavunjia heshima?

Weka saa za kundi tangu siku ya kwanza, na zisemwe na mwalimu mkuu ili lisionekane jambo lako binafsi. Ujumbe kama huu unatosha, ubandikwe juu ya kundi:

«Assalaam alaykum wazazi wetu. Kundi hili ni la matangazo ya darasa. Walimu wanasoma na kujibu kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Jambo la dharura la afya ya mtoto, tafadhali piga simu ya skuli. Jambo la mtoto mmoja, njoo skuli au muandikie mwalimu pekee. Ahsanteni.»

Baada ya hapo usijibu usiku hata mara moja. Ukijibu leo, kesho watakuwa watano. Nyamazisha kundi, na simu ichajiwe chumba chengine unapolala. Kundi la walimu wenyewe linataka utaratibu uleule. Mwalimu mkuu anayetuma maagizo saa 4 usiku ayaache hadi asubuhi, ujumbe unaweza kuandikwa na kusubiri.

18. Naruhusiwa kurusha picha za wanafunzi kwenye kundi au Facebook?

Uliza kwanza, kwa maandishi, mwanzoni mwa mwaka: mzazi akubali au akatae, na anayekataa asiulizwe sababu. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria kuna familia zisizotaka picha ya binti yao izunguke. Piga kazi badala ya uso: mikono, ubao, kielelezo. Matokeo ya mtihani ya darasa zima yasitumwe kundini kamwe. Kila mzazi apate ya mwanawe.

19. Nusu ya darasa wana simu janja nyumbani, nusu hawana. Nitume kazi kwa WhatsApp?

Kazi ya lazima itoke ubaoni na kuingia daftarini. Simu iwe ya nyongeza tu, kwa mfano sauti ya kusikiliza tena matamshi. Kumbuka pia ratiba ya mtoto: akitoka skuli anakwenda chuoni kwa Qur'ani, akirudi ni Magharibi, na simu ya baba inarudi usiku. Kazi inayotaka simu inamfanya akae macho hadi saa 4, halafu kipindi cha kwanza asubuhi analala kwenye dawati lako.

20. Nimekamata simu ya mwanafunzi. Niikague?

Hapana. Izime mbele yake, weka kwenye bahasha, andika jina, tarehe na hali ya kioo, akabidhiwe mwalimu mkuu, mzazi aje kuichukua. Ukifungua picha na ujumbe wake unajiingiza kwenye matatizo ambayo huna haja nayo. Ukiwa na wasiwasi kuwa mtoto anadhulumiwa, hilo ni la mshauri wa wanafunzi na mzazi, siku hiyohiyo.

## Hali zisizo za kila siku

21. Ramadhani tubadilishe nini?

Jicho lililokosa maji linakauka haraka na kichwa kinauma mapema, kwa mwanafunzi na kwa mwalimu. Punguza dakika za skrini hadi 6 au 8, ziwe vipindi vya asubuhi. Video ya kipindi cha mwisho, chumba kikiwa na kiza na joto, ni kubembeleza usingizi. Kipaza sauti cha swali la 9 kinasaidia sana mwezi huu.

22. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu afuate viwango hivihivi?

Afuate mahitaji yake. Kwake kishikwambi chenye maandishi yaliyokuzwa ndicho kitabu, hivyo dakika 12 hazimhusu. Kinachomhusu ni mapumziko ya swali la 7, kila dakika 15 badala ya 20. Kwa asiyesikia vizuri, video bila maandishi chini yake haina faida: andika muhtasari ubaoni kabla. Na unapoeleza, usiugeukie ukuta wenye picha, kwani anasoma midomo yako.

23. Skuli yetu ina zamu mbili na vifaa vinagombaniwa.

Daftari la makabidhiano, safu tano: kifaa, chaji kwa asilimia, kasoro, aliyetoa, aliyepokea. Zamu ya asubuhi inarudisha vifaa dakika 20 kabla ya kumaliza ili vichajiwe. Waya na rimoti zihesabiwe pia. Kifaa hubaki, chaja ndiyo inayotembea.

24. Mzazi amesema mwanawe asitazame video kabisa.

Msikilize anakataa nini hasa. Mara nyingi ni muziki au mavazi, na hilo lina njia: zima sauti ueleze wewe, au chagua video ya michoro. Muite aje kukaa darasani kipindi kimoja. Akishikilia, mtoto apewe mchoro wa manila wa swali la 10 na swali lilelile, akae na wenzake, asitolewe nje. Mtihani hautauliza alijifunza kwa njia gani.

25. Kishikwambi cha skuli kimeibiwa kikiwa nyumbani kwangu.

Toa taarifa kwa mwalimu mkuu na kituo cha polisi siku hiyohiyo, uchukue namba ya ripoti. Badilisha nywila za barua pepe na WhatsApp kwa kutumia kifaa chengine, kisha uondoe akaunti kwenye kile kilichoibiwa. Kama kilikuwa na laini, mtandao uifunge. Namba ya IMEI (utambulisho wa kifaa), inayoonekana ukibonyeza *#06# kwenye kifaa chenye laini, iwe imeandikwa kwenye daftari la makabidhiano tangu siku ya kupokea, kwa sababu polisi wataiuliza kabla ya kitu chengine chochote.